Kasoro si alama ya mkono

Juma lililopita mgeni mmoja alisimama mbele ya meza yangu ya mabakuli kwa muda mrefu, akiwa ameshika mabakuli mawili yaliyochongwa na fundi mmoja kutoka gogo moja. La kwanza lilikaa mezani bila kutikisika, na ukingo wake ulikuwa na unene uleule pande zote. La pili lilikuwa na ufa mwembamba ulioanzia ukingoni kuelekea kitakoni, nami nilikuwa nimeliweka kando ili nilirudishe kwa fundi. Akachagua lenye ufa. Nilipomweleza kwamba haliuzwi, alinijibu kwa furaha kwamba hilo ndilo analolitaka, kwa kuwa lile lililonyooka bila shaka limetoka kiwandani.

Ninauza zawadi za mkono katika kijiji cha milimani ambacho barabara yake hukatika mvua zinapozidi, na kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Waongoza wageni huifundisha njiani, wageni hufundishana wao kwa wao, na sasa hata baadhi ya mafundi wameanza kuiamini. Ni kauli ya uongo, na inawaumiza watu ninaowategemea.

Chanzo chake ninakielewa. Kazi ya mkono huwa na tofauti: uzi uliosokotwa kwa mkono hunenepa hapa na kukonda pale, tezo huacha vikombe vidogo vidogo kwenye mti, na vikapu viwili vya msusi mmoja havifanani kama sarafu mbili. Hiyo ni tofauti. Ufa, mshono unaofumuka, rangi inayochuja na kikapu kinachopepesuka kikiwekwa sakafuni ni kasoro. Tofauti hutokana na mtu kufanya uamuzi upya kila anapopitisha mkono, ilhali kasoro hutokana na haraka, malighafi mbovu au ujuzi ambao haujakomaa. Fundi aliyefanya kazi kwa miaka 20 hufuma ukingo ulionyooka, kwa sababu miaka yote hiyo alikuwa akijifunza kuunyoosha. Kumwambia kwamba kazi yake iliyonyooka inafanana na ya mashine ni kumnyima heshima ya kitu alichokitafuta maisha yake yote, na hapo ndipo subira yangu huniishia.

Tuuchukue ule ufa, maana ndio unaosifiwa kuliko kasoro zote. Mti mbichi una maji mengi, na unapokauka hausinyai mpaka unyevu wake ushuke chini ya takribani asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu. Kuanzia hapo husinyaa, lakini hausinyai sawasawa: kuifuata duara ya pete za ukuaji husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kuelekea ganda, na kwa urefu wa shina hausinyai kiasi cha kuonekana kwa jicho. Kwa hiyo gogo la mviringo likiachwa na kiini chake ndani lazima lijivute lenyewe hadi lipasuke. Mchongaji mwangalifu hupasua gogo katikati, hukiondoa kiini, huchonga umbo la awali likiwa nene, hupaka nta mahali nyuzi za mti zilipokatwa ncha ili unyevu usitoke kwa kasi, kisha huliacha bakuli kivulini kwa wiki au miezi kabla ya kulimalizia. Kwa mbao, wengi hukadiria mwaka mmoja wa kukausha kwa kila unene wa sentimita 2.5. Ni kipimo cha jumla tu, kwa kuwa hewa ya mlimani hubadilika kutoka ukungu wa alfajiri hadi ukavu mkali wa mchana, nami nimeona mbao zilizokaa muda huo wote zikapinda na nyingine zilizokaa nusu yake zikatulia. Kinachojulikana ni kwamba bakuli lililopasuka dukani litaendelea kupasuka nyumbani kwa mnunuzi, hasa kama nyumba hiyo hupashwa joto wakati wa baridi. Ufa hausemi lolote kuhusu aliyechonga kuwa mtu au mashine. Mbao mbichi hupasuka vilevile zikitoka kiwandani.

Rangi nayo ina hadithi kama hiyo. Mgeni huona shali iliyopauka upande mmoja akasema kwamba ni rangi ya asili, ndiyo maana imefifia. Huenda imefifia kwa sababu mimi niliitundika dirishani. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo dirisha la duka la mlimani hula rangi upesi kuliko dirisha la bondeni. Nili, ile rangi ya buluu ya mimea, hustahimili jua vizuri, lakini manjano ya bizari hupauka haraka hata ikitiwa shabu ya kushikisha rangi, na mfumaji anayejua kazi yake haitumii kwenye vazi la kuvaliwa nje. Mwinuko huingia hata ndani ya sufuria: kwenye mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi joto 90 hivi badala ya 100, kwa hiyo magome na mizizi huhitaji muda mrefu zaidi motoni, na anayefuata saa za bondeni huopoa uzi uliofifia. Rangi ya mimea iliyotiwa vizuri inaweza kuwa kali na ya kina. Kufifia si cheti chake.

Anayetaka kujua kama kitu ni cha mkono na atazame mahali ambapo muuzaji hategemei atazame. Geuza kitambaa kilichodariziwa uone nyuzi zinavyoruka upande wa nyuma. Tazama kingo za kitambaa kilichofumwa, mahali mshindio, yaani uzi unaopita upande kwa upande, unapogeuka kurudi kwenye mtande, yaani nyuzi za urefu. Pitisha kidole ndani ya kikapu uone mianzo na miisho ya ukindu. Linganisha vitu vitano vya aina moja: mchoro ukirudia hata kosa lilelile mahali palepale katika vyote vitano, hilo ni kosa la mashine, na hapo kasoro imethibitisha kinyume kabisa cha kile ulichofundishwa.

Hata hivyo, sitadai kwamba mpaka uko wazi, kwa maana nami huuvuka bila kujua. Kibao kidogo mlangoni kwangu kinasema kila kitu kimetengenezwa kwa mkono, lakini mifuko yangu imeshonwa kwa cherehani, baadhi ya mabakuli yamekerezwa kwa mashine yenye mota, na soksi kadhaa zimefumwa kwa mashine ndogo inayozungushwa kwa mkono, ambazo mimi mwenyewe siwezi kuzitofautisha na za sindano bila kumuuliza aliyezifuma. Je, mota inaondoa mkono? Nikisema ndiyo, ninamfukuza fundi ambaye mabega yake hayawezi tena kusukuma kerezo kwa mguu. Nikisema hapana, sijui nisimame wapi. Kwa sasa ninaandika kwenye kila lebo kifaa kilichotumika, na ninamwachia mnunuzi uamuzi. Kroshia hunitatiza zaidi. Mishono yake halisi bado hufanywa na watu, kwani mashine za viwandani huiga sura yake tu. Kwa hiyo kofia ya kroshia ya bei ya kutupwa sokoni mjini nayo imetoka mikononi mwa mtu, na ni heri tuulize alilipwa nini kuliko kuuliza kama ina kasoro.

Sasa madhara. Duka la mlimani halina nafasi ya pili. Mgeni akishateremka na mzigo wake sitamwona tena, na kikombe kitakachovuja kwake kitakuwa neno la mwisho kuhusu kijiji kizima. Ndiyo maana ninakagua kila kitu kabla ya kukipokea, na ndiyo maana ninalipa taslimu siku hiyohiyo badala ya kuchukua kwa mali kauli, isipokuwa kwa vitu vizito vinavyoweza kukaa rafuni msimu mzima. Fundi niliyemlipa taslimu ana haki ya kusikia kwa uwazi kwa nini nimekataa kipande. Lakini nitamweleza nini ikiwa mgeni aliye nyuma yake anaomba kukinunua kipande hichohicho?

Miezi michache iliyopita kijana mmoja, mchongaji mwenye jicho zuri sana, aliniletea miiko 12. Kila mmoja ulikuwa na kovu kwenye mpini, mahali palepale, lililochimbwa kwa ncha ya patasi baada ya kupigwa msasa. Nililijua kwa sababu kingo za makovu zilikuwa kali huku mpini wote ukiwa laini kama kokoto ya mtoni. Aliniambia kwamba alikuwa ameuza miiko ya namna hiyo kandokando ya njia kwa bei ya juu kuliko niliyomlipa mimi. Hakuwa akidanganya, na sikuwa na jibu la kumtosha. Nilinunua miiko mitano aliyokuwa bado hajaichimba, ambayo alikuwa ameiacha ndani ya mfuko kwa kudhani sitaitaka, nami nikaipanga mbele kabisa ya meza. Bado haijaisha.

Bakuli lenye ufa sikuliuza. Lipo chini ya meza nikimsubiri fundi apite, na jana jioni nilipoligeuza, ufa ulikuwa umefika kitakoni na ukucha wangu uliingia.