Kiboko wa Naivasha hali nyama, lakini anaua

Kazi yangu ni kuendesha boti Ziwa Naivasha, na karibu kila kundi la wageni lina mtu wa kuniambia, "Kiboko si anakula nyasi tu? Atanifanya nini?" Nimechoka kulisikia, maana msemaji ndiye huyo huyo atakayenisihi tusogee karibu apate picha nzuri.

Kiboko haumi ili ale. Anauma ili uondoke. Dume aliyekomaa anaweza kuzidi tani 2, chonge zake hufika sentimita 50, na kipande chake cha maji hakigawi na boti yoyote. Jike mwenye ndama ni mkali vilevile. Isitoshe, haelei kama wengi wanavyodhani. Hutembea kwenye sakafu ya ziwa, na ziwa letu sehemu kubwa lina kina kifupi. Akizama anaweza kukaa dakika 5 hivi bila kuibuka. Tazama viputo: mstari wake ukielekea kwenu, nahodha hana la kujadili. Akipanua kinywa si usingizi, anawaonyesha meno. Hapo mimi hugeuza boti, picha iwe imepatikana au la.

Wengine hunijibu kwamba Naivasha hakuna mamba, basi waogelee. Mamba kweli hakuna. Viboko je?

Nchi kavu nako msijidanganye. Giza likiingia hutoka kwenye mafunjo kwenda kulisha, na hukimbia kama kilomita 30 kwa saa. Ukisimama kati yake na maji umemzibia njia ya kurudi. Wapiga kambi, uzio wa umeme haukuwekwa kwa ajili ya ng'ombe.

Eti maji ni ya chumvi kwa kuwa hakuna mto unaotoka? Ni maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi. Mito Malewa na Gilgil huyaingiza, kisha mengine hupenya chini ya ardhi na kuondoka na chumvi. Ya magadi yatafuteni Elmenteita na Nakuru.

Kisiwa cha Crescent, humu ziwani, nacho ni ukingo wa kreta ya volkano. Maji yakipungua sana, "kisiwa" hicho huungana na bara.

Na asubuhi shwari haina maana alasiri itakuwa shwari. Upepo huamka mchana na mawimbi hupanda upesi. Njooni saa moja asubuhi, na jaketi la kuokolea maisha lifungwe vifungo vyote kabla sijawasha injini. Anayelitundika begani simpakii.