Kamera isiyo na kioo: ni kioo kipi kilichoondolewa?

Kamera isiyo na kioo ni kamera ya kidijitali ya kubadilisha lenzi ambayo haina kile kioo cha kuakisi kinachokaa kati ya lenzi na kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga na kuufanya picha, katika kamera za refleksi. Anayechungulia kwenye kitundu chake haoni mandhari yenyewe, bali huona taswira ambayo kihisi kimekwisha kuipokea na kuipeleka kwenye skrini ndogo iliyo ndani ya kitundu hicho. Maana yake ni hiyo tu, na ningeishia hapa kama neno "kioo" lisingebeba mizigo mingi kiasi hiki katika lugha yetu.

Hivi karibuni nilikaa na wapenzi wa upigaji picha waliokuwa wakipokezana kamera mpya ya aina hii, yenye megapikseli 61, yaani pikseli (nukta za picha) milioni 61. Mmoja aligonga kwa ukucha skrini ya nyuma akauliza bila utani wowote, "Mbona kioo kipo?" Mwenzake akamweleza kwamba kioo kinachosemwa ni cha mbele, akaigeuza kamera ili amwonyeshe, kisha akanyamaza, kwa kuwa lenzi nayo ilikuwa mahali pake. Wa tatu, aliyekuwa amekuza picha ya jani mpaka vinyweleo vya ukingoni vikawa vinahesabika kimoja kimoja, akakata shauri kwamba ukali ule umetokana na mwanga kutopita tena kwenye kioo. Wawili wa kwanza walitatizwa na lugha, nami siwalaumu. Wa tatu alitatizwa na jambo jingine, na kauli yake ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi.

Tuanze na lugha. Kiswahili hutumia neno moja, kioo, kwa kitu kinachopitisha mwanga na kwa kitu kinachourudisha. Dirisha lina kioo, na tunapojitazama ili kuchana nywele tunajitazama kwenye kioo. Simu ikianguka tunasema kioo kimepasuka, na hapo tunakusudia skrini. Tukisema msanii ni kioo cha jamii, tunakusudia kile cha kujitazamia. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hututoa kwenye utata huu, ndiyo maana hatuuhisi, na vitabu vya sayansi vinapotaka uhakika huongeza neno la pili, vikaandika "kioo bapa". Kamera, hata hivyo, ina karibu aina zote za vioo kwa pamoja: vioo vilivyochongwa ndani ya lenzi, kioo cha skrini, kioo cha kitundu cha kuchungulia, na hata kipande chembamba cha kioo kilichofunika kihisi. Ukiiita "isiyo na kioo" bila kuongeza neno, umesema jambo ambalo kila aliyeishika anaweza kulikanusha kwa kidole.

Kilichoondolewa ni kimoja tu, na jina la kamera iliyotangulia linakitaja. Refleksi linatokana na kitenzi cha Kilatini, reflectere, yaani kupinda na kurudisha nyuma. Kitenzi chetu cha kuakisi, tulichokipata kwa Waarabu, nacho asili yake ni kugeuza na kurudisha, kwa hiyo majina haya mawili yamefika mahali pamoja kwa njia tofauti. Ndani ya kamera ya refleksi kioo hicho huinama kwa nyuzi 45 nyuma ya lenzi, hupokea mwanga na kuurusha juu, ambako mche wa kioo huigeuza taswira ikae sawa na kuifikisha kwenye jicho la mpigaji. Kitufe kikibonyezwa, kioo huruka juu, shata, yaani pazia lililo mbele ya kihisi, hufunguka, na mwanga huenda moja kwa moja kwenye kihisi.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo jibu la rafiki yetu wa jani. Wakati picha inapopigwa, hata katika kamera ya refleksi, kioo hakipo njiani, kwa sababu kimekwisha kujiondoa. Kilikuwa kinalihudumia jicho wala hakikuigusa picha. Ndiyo maana mwaka 2008 Panasonic Lumix DMC-G1, kamera isiyo na kioo, ilitoka ikiwa na megapikseli 12 hivi, huku Canon EOS 5D Mark II ya mwaka huohuo, yenye kioo chake kamili, ikiwa na 21. Vivyo hivyo Nikon D850 ya mwaka 2017 ina kioo na Z7 ya mwaka 2018 haina, lakini zote mbili hutoa picha ya pikseli 8256 kwa 5504. Wingi wa pikseli ni kazi ya kihisi, na kama pikseli hizo zitajaa undani wa kweli au ukungu mtupu, hilo ni la lenzi, fokasi na mkono uliotulia.

Sikatai kwamba kuondoa kioo kuna faida. Kioo kinapopiga juu huitikisa kamera kidogo, na mtikisiko ambao zamani usingeonekana huonekana wazi pikseli zinapokuwa nyingi. Tena kioo kilihitaji nafasi ya kuruka: katika kamera za refleksi za Nikon umbali kati ya mlango wa lenzi, yaani pale inapofungwa, na kihisi ulikuwa milimita 46.5, na katika mfumo wao wa Z, usio na kioo hicho, ni milimita 16, jambo linalowapa wachongaji wa lenzi uhuru ambao hawakuwa nao. Hizo ni faida zinazopita mlango wa nyuma, na hakuna hata moja inayohusu mwanga "kupita kwenye kioo".

Kuna ajabu nyingine ya jina hili. Leica M3, kamera ya filamu ya mwaka 1954, haikuwa na kioo cha kuakisi, na kamera ya simu haina, lakini hakuna anayeziita hivyo. Kitu huitwa kwa kile kilichokosekana pale tu watu wanapotarajia kukikuta, na waliolibuni jina hili walikuwa na refleksi mikononi.

Kwa hiyo ninapendekeza tuseme "kamera isiyo na kioo akisi". Neno hilo moja lingemtosha aliyegonga skrini. Rafiki wa jani alibonyeza kitufe mara nyingine, akausikia mlio, akanitazama kwa ushindi: "Kioo hicho, kimelia." Nikamwambia hiyo ni shata.