Kazi ya Kwanza ya Muda na Mahudhurio Chuoni: Hesabu Inayowaponza Wanafunzi

Mitihani ikikaribia, ofisi za usajili vyuoni hupokea wageni wa namna moja. Ni mwanafunzi mwenye bidii, alama zake za kazi za darasani si mbaya, ada ameshalipa, na mkononi ana barua ya mwajiri yenye mhuri. Jina lake limetokea kwenye orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani, na anaamini barua ile itamaliza shauri. Haimalizi. Malalamiko haya yameongezeka kiasi kwamba sisi tunaotunza kumbukumbu za mahudhurio tumeona ni vyema tueleze hadharani jinsi mambo yanavyokwenda, muhula ukiwa bado mchanga na ratiba za zamu zikiwa bado zinaweza kubadilishwa.

Ieleweke kwamba chuo hakimkatazi mwanafunzi kufanya kazi. Kazi ya kwanza humfunza kijana kufika kwa wakati, kupanga fedha zake na kupokea maagizo ya mtu ambaye si mzazi wala mwalimu wake. Wengine bila kipato hicho wasingekuwa chuoni kabisa, na hao tunawaheshimu sana. Kinachowaponza ni hesabu ndogo ambayo wengi hawaipigi kabla ya kukubali zamu.

Kiwango cha mahudhurio kinachomruhusu mwanafunzi kufanya mtihani katika vyuo vingi ni asilimia 75 ya vipindi. Vipo vyuo vinavyodai zaidi, hasa katika masomo ya afya na mafunzo ya vitendo, kwa hiyo soma kanuni za chuo chako kabla ya kutegemea tarakimu zetu. Jambo wasilolitambua wanafunzi ni kwamba kwa kawaida asilimia hiyo hupigwa kwa kila somo peke yake. Hakuna wastani. Aliyehudhuria masomo matano bila kukosa, kisha la sita akaingia nusu ya vipindi, amezuiwa mtihani wa hilo la sita. Kuja dirishani kutuonyesha kwamba "kwa jumla" ana asilimia 91 na ushei ni kujichosha bure.

Chukua muhula wa wiki 15. Somo lenye vipindi vitatu kwa wiki lina vipindi 45. Asilimia 75 yake ni 33.75, na kwa kuwa hakuna robo tatu ya kipindi, unatakiwa uwe umeingia 34. Nafasi zako za kukosa ni 11. Sasa zamu yako ya Jumatano ikigongana na kipindi kimoja tu cha somo hilo kila wiki, mwisho wa muhula utakuwa umekosa 15, na mahudhurio yako ni asilimia 66.7. Kipindi kimoja kwa wiki kimetosha kukutoa nje.

Somo la vipindi viwili kwa wiki ni kali zaidi. Jumla ni 30, unatakiwa 23, nafasi za kukosa ni 7. Wapo wanaokubaliana na msimamizi wao kazini kwamba wiki hii nikose kipindi kimoja, wiki ijayo niingie vyote, wakiamini wamepata njia ya katikati. Lakini anayekosa wiki ya 1, ya 3, ya 5 na kuendelea hivyo hadi ya 15 amekosa mara nane. Hiyo ni asilimia 73.3, na amezuiwa kwa kipindi kimoja. Maabara ya mara moja kwa wiki ina vipindi 15 tu. Unatakiwa 12, kwa hiyo ukikosa minne umekwisha. Tunashauri mwanafunzi anayetafuta kazi aanze kwa kuweka wazi siku ya maabara, halafu masomo ya vipindi viwili, ndipo aangalie mengine. Wengi hufanya kinyume: hulinda somo wanalolipenda.

Tofauti na alama, mahudhurio hayafidiwi. Jaribio la kwanza ukilivuruga, la pili linaweza kukuinua. Lakini ukishakosa kipindi cha nane katika somo la vipindi 30, hata ukiingia vyote vilivyobaki, na ukaketi mstari wa mbele, hufikii kiwango. Ndiyo maana mwanafunzi anayetuambia wiki ya 13 kwamba ameshaacha kazi na sasa amejirekebisha hutusikitisha sana: amejirekebisha kweli, na hesabu haimsaidii.

Hapa lazima tuseme neno kuhusu ile asilimia 25 iliyobaki. Si likizo. Hakuna kanuni inayompa mwanafunzi vipindi 11 vya kutumia apendavyo. Nafasi hiyo imewekwa kwa ajili ya homa, msiba, usafiri uliokwama na mengine ambayo binadamu hayapangi. Anayeimaliza kwa zamu katika wiki za mwanzo, kisha akaugua kweli wiki ya 12, anakuja na cheti halali cha daktari akiwa hana pa kukiweka, kwa kuwa katika vyuo vingi cheti hicho huombea msamaha siku za ugonjwa peke yake. Siku za zamu hubaki pale pale.

Barua ya mwajiri nayo imeleta dhana potofu nyingi. Barua hiyo inathibitisha kwamba ulikuwa kazini, na kwa hiyo inathibitisha kwamba hukuwa darasani. Sababu zinazokubalika kwa kawaida ni ugonjwa uliothibitishwa, kifo cha mtu wa karibu, wito wa mahakama na shughuli rasmi za chuo. Kazi ya muda uliyoitafuta mwenyewe haimo. Mafunzo ya vitendo yaliyopangwa na chuo ni suala jingine, yana daftari lake na msimamizi wake. Yasichanganywe na kibarua.

Kuhusu kusainiwa daftari la mahudhurio na mwenzako: usifanye. Ukikosa kipindi umekosa kipindi. Ukisainiwa, umeingia kwenye kosa la udanganyifu, na hilo hupelekwa kamati ya nidhamu, ambako adhabu huweza kuwa onyo la maandishi, kusimamishwa masomo kwa muhula au zaidi, au kufukuzwa. Aliyesaini huadhibiwa pamoja na aliyesainiwa. Mhadhiri anaweza kuhesabu vichwa na kulinganisha na saini wakati wowote, na pale ambapo mahudhurio huchukuliwa kwa kadi au simu, mfumo huhifadhi saa na mahali. Tumeona marafiki wa kweli wakiharibiana masomo kwa jambo ambalo mmoja wao alilifanya kwa huruma.

Taratibu hutofautiana chuo na chuo, ila mkondo wake kwa kawaida ni huu. Mhadhiri au mkufunzi hukabidhi daftari idarani. Idara hupiga hesabu na kumwandikia onyo la kwanza mwanafunzi anayeanza kushuka, nakala ikienda kwa mshauri wake wa masomo. Asipobadilika, hupata onyo la pili, na safari hii huitwa kujieleza mbele ya mkuu wa idara. Kabla ya mitihani, idara hupeleka orodha ya wasiofikia kiwango kwa kamati ya mitihani, kamati huithibitisha, kisha hubandikwa. Tangu siku ya kubandikwa, muda wa rufaa huanza kuhesabiwa, na ni siku chache za kazi. Rufaa huandikwa, huambatanishwa na ushahidi, na hupokelewa kwa kumbukumbu. Rufaa ya mdomo si rufaa. Kamati haipimi kama una shida nyumbani. Inapima kama daftari lilikosewa, au kama sababu yako ni miongoni mwa zile zinazokubalika. Aliyeshindwa rufaa kwa kawaida hurudia somo lote pale litakapofundishwa tena, na hulipia upya. Mwanafunzi akipata barua ya onyo na asiijibu, ukimya wake nao huwekwa kwenye jalada. Tafadhali fungueni barua pepe za chuo. Onyo lililotumwa huko limetumwa.

Sasa upande wa kazi. Kabla ya kusaini chochote, nenda na ratiba yako ya vipindi iliyochapishwa, si ya kichwani, umwonyeshe meneja ni saa zipi hupatikani. Omba saa hizo ziandikwe kwenye mkataba au kwenye waraka unaoambatana nao. Maneno ya "tutaangalia" hayana nguvu mwezi wako wa pili kazini, mfanyakazi mwingine atakapougua. Uliza pia ratiba ya zamu hutoka siku ngapi kabla, nani mwenye mamlaka ya kuibadilisha, na iwapo unaweza kukataa zamu ya ghafla bila kuadhibiwa. Wanafunzi wengi huogopa kwamba wakiuliza hivi watanyimwa kazi. Baadhi watanyimwa kweli, na ni afadhali kulijua hilo siku ya usaili kuliko wiki ya kumi.

Mfanyakazi wa muda si mfanyakazi nusu. Mkataba namba 175 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1994, unataka alindwe sawa na wenzake wa muda wote katika usalama kazini, haki ya kujiunga na chama na kutobaguliwa, na mshahara wake wa msingi ukokotolewe kwa uwiano wa saa bila kupunjwa kwa sababu tu ni wa muda. Mkataba huo hufunga nchi zilizouridhia, hivyo angalia pia sheria ya kazi ya mahali ulipo.

Saa ngapi zinafaa? Hatuwezi kumpangia kila mtu, ila hesabu ya masomo yenyewe ni nzito kuliko ratiba inavyoonyesha. Katika mfumo wa vyuo vya Ulaya, mwaka mmoja wa masomo ya muda wote ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Hizo ni saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka, karibu sawa na kazi ya kutwa. Anayeona vipindi 16 kwa wiki na kudhani wiki iliyobaki ni yake hajahesabu kusoma, kuandika na maabara. Zamu za usiku ndizo tunazoziogopa zaidi. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Anayetoka kazini saa kumi na mbili asubuhi na kuingia darasani saa mbili ataandikwa amehudhuria, lakini mtihani hauulizi kama uliketi. Kama huna budi kufanya usiku, iwe usiku unaofuatiwa na asubuhi isiyo na kipindi.

Mnaosoma nje ya nchi zenu kwa viza ya mwanafunzi, someni sehemu hii mara mbili. Uingereza, mwanafunzi wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kuzidi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wiki huhesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Saa 25 wiki hii na 15 wiki ijayo ni kosa. Hapa pia hakuna wastani. Australia imeweka saa 48 kwa kila wiki mbili tangu 1 Julai 2023. Kanada imeruhusu saa 24 kwa wiki nje ya chuo tangu Novemba 2024. Marekani, mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, hufanya kazi ndani ya chuo, si zaidi ya saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutakiwa kubaki na angalau krediti 12 kwa muhula. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo thibitisha na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kila muhula. Chuo kina wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka za uhamiaji pale mwanafunzi anapoacha kuhudhuria. Si chuki ya mtu. Kisipotoa taarifa, chuo chenyewe huweza kunyimwa kibali cha kupokea wanafunzi. Kwa mwanafunzi, matokeo yanaweza kuwa kufutiwa viza.

Waajiri tunawaomba jambo moja: mwezi wa mitihani mpunguzieni zamu kijana wenu bila kusubiri aombe. Wazazi nao wakumbuke kwamba mwana anayetuma fedha nyumbani kila mwezi huenda anazilipia kwa vipindi.

Kama umepiga hesabu na ukaona haikubali, njia zipo, na zote zina tarehe. Wiki za mwanzo unaweza kubadili mkondo wa semina au kuondoa somo moja na kulichukua muhula mwingine. Baadhi ya programu huruhusu kuhamia masomo ya jioni au ya muda. Kuahirisha muhula mzima kunawezekana, kwa maombi ya maandishi yaliyopitishwa na idara kabla ya mitihani, na baada ya kujua hatua hiyo itaathiri vipi mkopo, ufadhili au viza yako. Aliyeondoa somo kwa fomu ndani ya muda, somo hilo kwa kawaida halimhesabii kushindwa. Aliyeacha tu kuingia, daftari huendelea kumwandika hayupo kila wiki hadi mwisho, na matokeo yakitoka ameshindwa. Fomu huchukuliwa idarani, husainiwa na mshauri wako wa masomo na mkuu wa idara, kisha hurudishwa kwa msajili. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.