Shahada ya meno na kazi ya ughaibuni: ya kijiweni na ya kweli

Wanafunzi wa meno wakikaribia kumaliza chuo, maongezi hubadilika. Zamani swali lilikuwa nani kapangiwa wapi kwa utarajali, ule mwaka wa kufanya kazi chini ya msimamizi baada ya chuo. Siku hizi ukikaa nao mezani hapa Dodoma utasikia Dubai, Canada, Uingereza, na nani "keshatoka". Waliotoka wapo kweli, na wengine kazi zao zinawaendea vizuri. Ila njia waliyopita, inavyosimuliwa, imejaa chumvi, na kuna wazee huku wameuza shamba la zabibu kwa sababu ya chumvi hiyo.

"DDS yetu ndiyo hiyo hiyo ya Wamarekani"

Herufi za DDS, shahada ya udaktari wa meno, ni zile zile, na hapo ndipo watu wanapoingia mkenge. DDS ilianzia Baltimore mwaka 1840. Harvard ilipofungua chuo chake cha meno mwaka 1867 ikaja na DMD. Waingereza na waliowafuata, majirani zetu Kenya wakiwemo, wakabaki na BDS. Mwenye yoyote kati ya hizo ni daktari wa meno. Wanaotoa leseni hawahangaiki na herufi, wanauliza chuo chako kilikaguliwa na nani.

Marekani leseni hutolewa na jimbo, na karibu kila jimbo linataka uwe umehitimu chuo kilichoidhinishwa na CODA, chombo chao cha kukagua vyuo vya meno. Vyuo vyetu havimo. Ndiyo maana daktari aliyemaliza miaka mitano hapa, akafanya na utarajali, huko hurudi darasani kwa miaka miwili au mitatu, na ada yake mara nyingi inapita dola 100,000. INBDE, ule mtihani wa maswali 500 unaofanywa kwa siku mbili, ulioanza 2020, unahitajika pia. Kijiweni utaambiwa fulani "kafaulu INBDE, keshapata Marekani". Hapana, kafaulu mtihani mmoja.

Canada watu huifunga kwenye fungu moja na Marekani, na si sawa. Kule unaweza kupita bila kusoma upya, kwa mitihani ya NDEB, bodi yao ya mitihani ya meno: ya maandishi kwanza, kisha ya vitendo. Ni migumu na ni ghali, lakini njia ipo.

"Ukipata IELTS, Uingereza umemaliza"

IELTS ni mtihani wa Kiingereza. GDC, ambalo ndilo baraza lao la meno, linataka wastani wa 7.0 na kipengele chochote kisishuke chini ya 6.5. Hapo ndipo safari inaanza. Kuna mtihani uitwao ORE, wenye sehemu mbili, na nafasi zake ni chache kuliko wanaozigombea. Watu wanasubiri, na hawasubiri wiki. Wengine huenda kwenye mtihani mbadala wa LDS ulio chini ya chuo cha madaktari wapasuaji cha Uingereza, nao una foleni yake.

Kinachoniumiza mimi ni sehemu ya pili ya ORE, kwa sababu haizungumzwi. Angalia kliniki ya meno ya hospitali ya serikali asubuhi. Wengi wanaokuja, jino limeoza mpaka chini, wamelala na maumivu siku kadhaa, na kabla hujashika kioo mgonjwa anakwambia, "Ling'oe tu, daktari." Unachoma ganzi, unang'oa, anaingia mwingine. Mtarajali wa hapa akimaliza mwaka, koleo anaijua kama kijiko chake. Meno ya kahawia ya mtoto aliyekulia kwenye maji yenye floraidi nyingi kule Singida atakueleza bila kufungua kitabu.

Sasa mpeleke kwenye mtihani. Anakuta kichwa cha bandia kimefungwa kwenye kiti, meno ya plastiki, saa inahesabu. Anaambiwa achimbe na kuziba tundu lililo katikati ya magego mawili, au achonge jino la kuvikwa krauni, yaani kofia ya jino. Drili ikiteleza nusu milimita ikagusa jino la jirani, mkwaruzo unabaki pale pale kumsubiri msahihishaji. Mgonjwa wa Dodoma angekushukuru akaondoka. Plastiki haina shukrani.

Kwa hiyo anayejua anataka kutoka, mwaka wa utarajali asikimbie kuziba meno wala tiba ya mizizi, hata kama jino moja linakula saa nzima na foleni nje inanung'unika. Aandike kila kazi aliyofanya kwenye daftari, isainiwe na msimamizi siku hiyo hiyo. Kumtafuta msimamizi aliyehamishiwa mkoa mwingine miaka mitatu baadaye ni kazi nyingine kabisa.

"Basi nitaanzia chini, nisafishe meno tu, baadaye nitapanda"

Uingereza njia hiyo ilikuwepo: daktari wa nje alikuwa anaweza kutumia shahada yake kusajiliwa kama msafisha meno. Sheria ya 2023 ikaifunga. Kinachobaki ni kuajiriwa kama msaidizi unayejifunza. Hilo si vibaya, ila msaidizi hatibu mgonjwa. Akitibu bila usajili ni kosa la jinai.

"Uarabuni hawana mlolongo"

Ni kweli kwamba kule hawakurudishi darasani, na ndiyo maana wengi wetu huanzia huko. Lakini kuna mtihani wa kompyuta, Emirati wanataka uzoefu wa kazi baada ya utarajali, na kuna DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti. Hawa huchukua kila karatasi uliyoleta wakaipeleka ilikotoka: chuoni, kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, hospitali uliyofanyia kazi. Wanauliza, "Hii ni yenu?"

Hapo ndipo mambo madogo yanapokwamisha watu wazima. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, cha kidato cha nne kina matatu, cha chuo kina la ukoo limeandikwa kwa "Ch" badala ya "C". Kwetu tunacheka tu, wao wanaona watu watatu. Au barua yako ya uzoefu ina anwani ya barua pepe ya ofisi ambayo hakuna anayeifungua. Rekebisha majina ukiwa bado nyumbani, na umjue kwa sura karani atakayejibu hiyo barua pepe. Wakala anayekuambia ana mtu wake wa kukuvusha hapo anakuuzia hewa. Maombi hujazwa mtandaoni na mwombaji mwenyewe, na karatasi ya kughushi ikigundulika jina linachafuka.

Cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa Baraza usikichukue mapema. Muda wake ni mfupi, na wengine hulazimika kukiomba upya.

"Afrika Mashariki ni nyumbani, unavuka tu"

Soko la pamoja lilianza Julai 2010, lakini kiti cha meno cha Nairobi kina mwenyewe, na mwenyewe ni baraza la Kenya. Unajisajili kwanza, ndipo unashika drili.

"Aliyesoma nje akirudi anaanza kazi kesho yake"

Hii inawapata zaidi wazazi waliosomesha watoto India au China. Shahada hiyo hupita kwanza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kutambuliwa, kisha Baraza, na utarajali unamsubiri kama waliosoma hapa. Hata mgeni kutoka Ulaya anayekuja wiki mbili kujitolea hospitali ya misheni anahitaji usajili wa muda kabla ya kugusa mdomo wa mtu. Mwenyeji wake aanze kuushughulikia kabla tiketi ya ndege haijakatwa.