Je, wajua kwa nini chunusi chache zinaweza kumtesa mwanachuo kuliko chunusi nyingi?

Madaktari wa ngozi hawapimi chunusi kwa kuzihesabu tu. Lipo dodoso lililoandaliwa Cardiff, Wales, lenye maswali 5 kuhusu mwezi uliopita: chunusi zimekutia hasira au aibu? Zimevuruga urafiki au mapenzi yako? Umekwepa kuvua nguo penye watu? Ukijitazama unajisikiaje? Tatizo unaliona kubwa kiasi gani? Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Mara nyingi jumla haiendi sambamba na wingi wa chunusi usoni.

Chuoni hakuna pa kujificha: chumba ni cha watu wanne, bafu ni la wote, na kazi ya kikundi lazima uiwasilishe mbele ya darasa zima. Tena ni umri ambao homoni bado zinasukuma tezi za mafuta.

Kwa ngozi nyeusi, kinachoumiza zaidi ni doa. Chunusi hunywea kwa siku kadhaa, lakini doa lake hukaa miezi. Hapo ndipo mkorogo unapopata wateja. Krimu zake zenye betamethasoni au klobetasoli, yaani steroidi kali, hutuliza uvimbe upesi, uso ukang'aa, kisha vipele vidogo vya ukubwa mmoja hufumuka. Ukiacha ghafla, vinazidi. Pesa ya bumu, yaani mkopo wa kujikimu chuoni, imekwenda na uso umeharibika. Inasikitisha, kwa sababu dawa sahihi ipo.

Anza na benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Osha uso kwa sabuni laini, ukaushe, kisha paka kiasi cha punje ya njegere eneo lote linalotoa chunusi, si juu ya kipele tu, maana vinyweleo vinavyoziba leo bado havionekani. Wiki 2 za mwanzo paka usiku mmoja, ruka mmoja. Ngozi ikichubuka, punguza: mchubuko nao huacha doa. Tumia foronya nyeupe, kwani dawa hii huchujua rangi. Matokeo huonekana baada ya wiki 8 hadi 12, na wengi hukata tamaa wiki ya tatu. Usikamue.

Mwenye vifundo vya ndani vinavyouma, makovu yanayobonyea, au anayekosa vipindi kwa aibu, asisubiri wiki hizo. Aende kwa daktari na kila alichopaka, hata kikopo kisicho na lebo, na aseme wazi mambo aliyoacha kufanya kwa sababu ya uso wake, kwani hayo nayo huamua atibiwe kwa nguvu kiasi gani.