Kwa nini sukuma hulala saa nane mchana

Februari moja mama mmoja anayelima sukuma wiki Ruai, pembezoni mwa Nairobi, alinipigia simu. "Daktari, nimemwagilia asubuhi mpaka udongo ukawa tope, na sasa sukuma zimelala kama hazijaona maji tangu mwaka jana. Niongeze?" (Mimi si daktari wa mtu wala wa ng'ombe. Kazi yangu ni kupima maji ya mimea, ila nimechoka kukikataa cheo hicho.) Nikamwambia asiongeze, angoje jioni. Saa kumi na mbili akanitumia picha: majani yamesimama wima.

Maji yalikuwepo. Shida ni kwamba hewa ilikuwa inayanyonya majanini upesi kuliko mizizi ilivyoweza kuyavuta.

Jani lina vitundu vidogo mno, stomata, ambavyo hufunguka ili kaboni dioksidi iingie mmea upate kujitengenezea chakula. Mlango ukiwa wazi, mvuke nao unatoroka. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayopita mizizini huishia hewani kwa njia hiyo.

Yatatoka kwa kasi gani? Wengi watasema inategemea joto. Mimi huwaambia watazame kamba ya nguo. Jinzi ukiianika asubuhi mwezi wa Februari hapa Nairobi, mchana unaivaa. Ianike Julai, mawingu yakiwa yametanda na baridi ile tunayoijua, itakaa siku mbili na bado kiunoni ina unyevu. Hewa ya Februari ina kiu, na kiu hiyo inapimika: ni tofauti kati ya mvuke ambao hewa ingeweza kubeba na ule ilio nao tayari. Joto likipanda nyuzi 10 hivi, uwezo wa hewa kubeba mvuke unakaribia kuwa maradufu.

Hapo ndipo watu wa Nairobi hushangaa. Tuseme Mombasa ni nyuzi 31, unyevu wa hewa asilimia 65. Kiu ya hewa ni kama kilopaskali 1.6 (kilopaskali ni kipimo cha shinikizo, hapa la mvuke). Nairobi alasiri hiyohiyo ni nyuzi 28 tu, lakini unyevu ni asilimia 35, na kiu inafika 2.5. Wewe unatoka jasho Mombasa, ila jani la sukuma linanyonywa zaidi huku kwetu. Ongeza jua kali la nyanda za juu na upepo wa Ruai usio na mti wa kuuzuia.

Kwa lita ni hivi: milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Siku kavu yenye jua, shamba lililofunikwa na majani vizuri linaweza kutumia milimita 5. Ploti ya futi hamsini kwa mia ina mita za mraba kama 460, yaani lita 2,300, au mitungi 115 ya lita 20. Kwa siku moja! Siku ya mawingu inaweza isifike nusu.

Ukame ukija, hesabu inageuka. Udongo ukikauka, mmea hufunga stomata. Maji yanabaki, lakini chakula nacho hakitengenezwi, na jani linapoteza jasho lililokuwa likilipoza. Gusa kwa mgongo wa mkono jani la mmea ulioshiba maji saa nane, kisha gusa la mmea wenye kiu: la pili lina joto kabisa. Nchi nzima hufanya vivyo hivyo. Ardhi ikiwa haina maji ya kugeuza mvuke, nguvu ya jua huishia kupasha hewa, na hewa iliyopata moto inazidi kuwa na kiu. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ilipokatika mfululizo, mimea ilibanwa juu na chini kwa pamoja. Mahindi huumia zaidi yakipatwa wakati wa kuchanua: ndevu huchelewa kutoka, na zikitoka chavua imeshapukutika.

Kosa la kumwagilia kila majani yanapolala nimelifanya mwenyewe. Nilikuwa na miche ya nyanya kwenye udongo mweusi kama wa Ruai, nikaimwagilia kila mchana. Mizizi ikakosa hewa, ikaanza kuoza, na mmea wenye mizizi iliyooza hulala vilevile. Nami nikazidisha maji.

Yule mama sasa hukagua shamba saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sukuma ikiwa imelala saa hiyo, kabla jua halijapanda, huchimba kwa kidole mpaka kifundo cha pili, na akikuta pakavu anafungua mfereji. Ya saa nane ameyaachia matandazo na neti ya kivuli, ingawa simu bado hupiga.