Kuweka Akiba si Kujichuria
Ukipanga madumu ya maji na kiroba cha unga uvunguni, hapa Dar hakosekani wa kukuambia unajichuria, yaani unajiitia balaa, au kwamba wewe mchoyo. Si kweli. Mvua ya Desemba 2011 iliyofurisha bonde la Msimbazi haikuitwa na dumu la mtu. Na uchoyo hutegemea wakati: anayejaza kidogo kidogo bomba likitoka hamnyimi jirani maji. Anayembana ni yule anayesubiri mgao, kama ule wa Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, ndipo akahangaike kununua yote yaliyobaki. Mimi nanunua kabla ya uhaba, na dumu moja huwa la jirani. (Kurudishiwa dumu lenyewe, hiyo kesi nyingine.)